Vyombo vya Wageni Zahanatini

Theopista ana miaka kumi na tisa ya uuguzi katika vilima vya Mwese, na kwa muda wote huo hajawahi kuiona zahanati yao ikipendeza kama ilivyopendeza juma lile la ukaguzi. Mawe ya uani yalipakwa chokaa. Ndoo ya takataka ilizungushiwa utepe wa njano sakafuni, isije ikasahau mahali pake. Ukutani palibandikwa maneno matano ya ubora, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, na watumishi wote wanne waliyakariri kama watoto wa kipaimara. Mlinzi aliyajua vizuri kuliko mganga.

Mganga mfawidhi, Dokta Sylvanus, alikuwa amerudi kutoka semina ya ubora Mpanda mjini akiwa na fulana mpya. Ni mtu mwema, lakini nyota zilikuwa zimemwingia kichwani. Ukaguzi uliopita zahanati ilipewa nyota moja. Safari hii alitaka tatu, na alizitaka mpaka akapungua mwili. Kwa hiyo vifaa vipya vya kuzalishia vilipoletwa, pamoja na ambu, ule mfuko wa mpira wa kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa bila kupumua, alivipanga kwenye kabati la vioo, akavibandikia majina, akafunga kufuli.

"Visiguswe mpaka wakaguzi wavione," alisema. "Tukivitumia vitachakaa."

Tusimcheke peke yake. Theopista naye aliona ni sawa kabisa. Nyumbani kwake kuna vikombe vya maua vinavyomngoja mgeni wa maana tangu siku ya harusi yake, huku yeye na wanawe wakinywea uji kwenye vya plastiki. Nani kati yetu hana kabati hilo? Ambu ya zamani, yenye viraka, ilitupwa siku ya Sasambua, ya kuondoa visivyohitajika, tena kwa makofi.

Siku yenyewe ilipofika, gari la wakaguzi lilikwama kwenye tope la mteremko. Sylvanus akapanda bodaboda kwenda kuwapokea, na ufunguo ukaenda naye mfukoni. Haukupita muda tangu aondoke, Annonciata akaletwa kwa pikipiki, kabanwa kati ya mumewe na dereva, uchungu umeshamkolea. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mtoto alitoka saa nne na dakika kumi, wa kiume, amelegea, kimya.

Theopista alimkausha, akamsafisha kinywa, akamsugua mgongo. Kimya.

"Sista, mbona mwanangu halii?" Annonciata aliuliza.

Theopista alikimbilia kabati. Ndani ambu ilikuwa imetulia juu ya kitambaa cheupe, na jina lake kwa herufi nzuri. Tuseme kweli: kwa kitambo kidogo alikiogopa kioo kile kuliko alivyomwogopea mtoto, na jambo hilo linamuuma mpaka leo. Kisha akanyanyua stuli ya chuma akapiga kwa nguvu zake zote.

Wakaguzi walifika viatu vimejaa tope. Walikuta vipande vya kioo vimefagiliwa nusu, utepe wa njano una damu, na Annonciata ananyonyesha. Mkuu wao, Bwana Wiliam, alisimama mbele ya kabati na fomu yake.

"Kabati limevunjwa," alisema huku akiandika. "Ambu ipo, lakini si safi."

"Imetumika, bwana mkaguzi. Mtoto mwenyewe huyo hapo."

Wiliam alimtazama mtoto, akatabasamu kwa dhati. Akafunua ukurasa wa fomu, akafunua na mwingine. "Hongera sana, dada. Ila humu hakuna mahali pa kumwandika."

Zahanati ilibaki na nyota yake moja. Na kwa kuwa mali ya serikali ilikuwa imeharibiwa, Theopista alitakiwa kuandika barua ya maelezo.

"Andika vizuri, dada Theo," Sylvanus alimsihi, macho yake kwenye fremu tupu ya kabati. "Omba radhi, yaishe."

Theopista alikuwa na hasira ya kujaza kurasa tatu, lakini aliandika mistari mitatu tu. "Kabati lilivunjwa saa nne na dakika kumi na moja. Mtoto alilia saa nne na dakika kumi na tatu. Ufunguo ulifika saa tano na robo."