Madame Deborah na Fazi Tatu za Avenyu Yetu

Madame Deborah anafundisha sayansi mtaani kwetu Kasungami, katika shule isiyo na maabara. Betri za tochi, balbu ndogo na vipande vya waya huvibeba mwenyewe ndani ya ndoo. Alinifundisha mimi pia, na nasema bila aibu: chuo kikuu hakikunipa mwalimu wa kumzidi.

Mwaka jana avenyu yetu ilikaribia kupoteza transfoma. Kwenye transfoma hiyo hutoka nyaya tatu zenye umeme, tunaziita fazi, na kila nyumba imefungwa kwenye moja. Hapa kwetu taa zikififia mtu haulizi sababu. Anamwita fundi apande nguzo, amhamishie kwenye fazi yenye nguvu. Jirani akiona, naye anahama. Ndivyo karibu sote tulivyojikuta kwenye fazi ya tatu. Fyuzi yake iliungua mara nne kwa mwezi mmoja. Mapalo, fundi tunayemwamini, akatuambia wazi kwamba transfoma yenyewe ndiyo itakayofuata, na tutakaa gizani miaka.

Jumapili moja, baada ya ibada, tulikutana, Mapalo akiwemo, uani kwa Kambale, mfanyabiashara wa samaki wa barafu aliyetoka Butembo.

“Ile transfoma iko muzee,” Kambale alisema. “Njo sababu tu.”

“Haiko muzee, Papa Kambale,” Madame Deborah akajibu. “Tunaibebesha mubaya.”

“Madame, wewe uko muntu wa chaki. Waya haisomake kitabu!”

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, kisha akaweka ndoo yake mezani. Akaunganisha balbu moja na betri kwa waya mwembamba kama unywele. Ikawaka vizuri. Akaongeza ya pili kando yake, kisha ya tatu, mpaka sita. Zote zikafifia. Akamwomba Mama Joséphine, muuza mikate, aguse ule waya.

“Eh! Iko moto!”

“Njo vile, mama. Kila balbu inavuta mukondo yake. Mukondo ikikuwa mingi, waya inapata moto, na nguvu ya kusukuma umeme inapotea mu njia.”

Halafu akafungua daftari. Wanafunzi wake walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba pamoja na Mapalo: fazi ya kwanza ilikuwa na nyumba sita, ya pili nane, ya tatu arobaini na tatu.

Kisha Kambale akaruka. “Mapalo! Kesho asubuyi uniweke ku ya kwanza!”

“Na miye!” jirani mmoja akadakia.

“Na miye, Mapalo, miye njo nilianza kusema!” mwingine akapaza sauti.

Nilitamani kupiga kelele. Ugonjwa ule ule, mbele ya dawa! Madame Deborah akapiga meza kwa kiganja.

“Munaona? Mukihamia bote kule, kesho njo ile itakufa. Fazi haina makosa. Makosa ni vile tunakimbia-kimbia.”

“Na wewe, Madame?” Kambale akamchokoza. “Uko ku gani?”

“Ku ya tatu. Na nitabakia palepale.”

Hakuna aliyecheka tena. Mama Joséphine akasema naye atabaki. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, huku wakinung'unika. Ndipo Madame akamgeukia Kambale. “Wewe utaenda ku ya kwanza. Frigo zako za samaki zinavuta sawa nyumba kumi na tano.”

“Juu iko na makuta!” mtu akafoka nyuma, kwamba anapendelewa kwa sababu ya pesa.

“Hapana. Juu ya frigo. Umeme haijue makuta. Tunagawanya muzigo, hatuhesabu milango.”

Mapalo alifanya kazi siku tatu, umeme ukiwa umekatwa, akimhamisha Kambale na kupeleka sehemu ya nyumba nyingine kwenye fazi ya pili, kama daftari la Madame lilivyogawa mzigo. Alhamisi mchana akawasha, akaenda na kipimo chake nyumbani kwa Madame Deborah, kwenye fazi ile ile iliyokuwa ikikata roho. Wanafunzi wakajazana mlangoni. Zamani ilikuwa volti mia na thelathini, wakati inayotakiwa ni mia mbili na ishirini.

“Mia mbili na kumi na mbili!” wakasoma kwa sauti moja, na avenyu nzima ikasikia.

Transfoma ni ile ile, wala fyuzi haijaungua tena. Mtu asiniambie kwamba sayansi inasubiri majengo marefu na misaada ya wageni. Jumamosi iliyofuata watu wa avenyu ya jirani walikuja kumwita Madame. Wao walikuwa wamerundikana wote kwenye fazi ya kwanza.