Siku Orpah Alipojitaja

Siku hizi watu wa kaunti wakileta wageni hapa machimboni Masara, huwapitisha kwanza kwenye banda la kuchomea dhahabu. Huwaonyesha tanuri, chungu cha chuma chenye mfuniko, na bomba linalorudisha zebaki isipotelee hewani. Kisha husema banda hilo limetokana na utafiti. Ni kweli, sipingi. Lakini utafiti peke yake usingetujengea hata choo hapa. Banda lile lilijengwa na mdomo wa Orpah, na wageni huondoka bila kuambiwa jina lake.

Mimi naitwa Liz, na nilifanya kazi na Orpah beseni kwa beseni. Wanaume huteremka mashimoni, mawe yakipandishwa yanasagwa, na unga wake unakuja kwetu wanawake. Tunauosha, tunatia zebaki, tunakanda kwa mikono mpaka zebaki ikamate dhahabu na kuwa donge. Donge hilo ndilo huchomwa. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Orpah alikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo, na ulimi mzuri zaidi. Wachimbaji wakitoka shimoni wamejaa vumbi jeupe mpaka kope, aliwauliza kama wametoka kubatizwa au kuzikwa, nao walicheka hata siku ambazo hawakupata kitu.

Kuchoma, kila mmoja alichomea jikoni kwake. Huwezi kuchoma dhahabu nje watu wakikutazama, labda uwe unatafuta wageni ambao hukuwaalika. Unafunga mlango, unafunga dirisha, unaweka kijiko cha chuma juu ya jiko lile lile la ugali. Orpah alichoma hivyo Terry akiwa mgongoni, maana mtoto akiachwa nje atalia, na akilia majirani watajua unafanya nini ndani. Ukimaliza unakunywa maziwa. Waliotutangulia walituambia maziwa huosha kifua, nasi tuliamini. Orpah alikuwa radhi yeye akose chai ya maziwa wiki nzima kuliko Terry akose kikombe chake baada ya kuchoma.

Terry alikua polepole. Wenzake wa rika walikuwa wameshajua hadi matusi, na yeye hajasema hata mama. Akishika kijiko mkono ulitetemeka, uji ukamwagikia kifuani. Wengine walisema ni jicho baya. Wengine walisema atasema akitaka, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ndipo akaja Daktari Okari kutoka chuo kikuu, kijana mpole aliyekata nywele za wanawake kisogoni, kishungi kidogo kila mtu, na kuzitia kwenye bahasha. Orpah alimuuliza, "Daktari, hii nywele yetu unaenda kumshonea bibi yako?" Tulicheka, naye akacheka. Akatueleza kwamba zebaki ikiingia mwilini, sehemu yake hukaa kwenye nywele, na nywele zikipimwa zinaonyesha mtu amevuta kiasi gani wakati zilipokuwa zikiota. Alianza na akina mama. Akasema watoto atawarudia.

Kabla hajarudi, shimo lilimfunika Nicodemus, mume wa Orpah. Tulimzika kwao Mfangano, ng'ambo ya maji upande wa Homa Bay. Baada ya mazishi walinyolewa wafiwa, mjane na mtoto wake pia, kwa wembe mpya kama desturi inavyotaka, na nywele zikatupwa ili kifo kiende nazo. Mama mkwe, Priscilla, ambaye sote tunamwita Dani, yaani nyanya, alimwomba Orpah amwachie mtoto. Kwetu mtoto ni wa boma la baba yake, kwa hivyo hakuna aliyeona ajabu. Orpah alikataa. "Nicodemus mmebaki naye hapa," alisema. "Huyu siwezi kumwacha." Dani akamwambia, "Basi mlee vizuri. Nikisikia vingine, nitakuja mwenyewe." Tangu siku hiyo Orpah alikuwa na hofu moja tu duniani, kwamba Dani atakuja kumchukua Terry.

Okari aliporudi kukata nywele za watoto, kichwa cha Terry kilikuwa na manyoya kama ya kifaranga. Akampita, akaenda kwa mwingine.

Majibu yalipotoka alituita chini ya turubai na kutusomea. Wanawake waliochomea ndani walikuwa na zebaki nyingi kuliko waliochomea nje, tena kwa mbali. Watoto wao vilevile. Na maziwa, alisema kwa sauti ya chini, hayaoshi chochote. Okari alipokwenda kwenye gari lake Orpah alimfuata, nami nikamfuata Orpah.

"Daktari, na mtoto yangu? Ni mimi nilimfanyia hivi?"

"Mama Terry, siwezi kujua. Zile nywele zake za mwanzo, zilizonyolewa, ndizo zingesema. Hizi mpya zitasema mambo ya sasa tu. Sisi tunaangalia watoto wengi pamoja. Mtoto mmoja, kuna vitu mingi zinaweza kumchelewesha."

"Kwa hivyo si mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Kwa hivyo ni mimi."

"Hiyo pia sijasema, mama."

Nilimkasirikia kijana yule mpaka nikatamani kumrushia beseni. Leo nikifikiria, naona ndiye mtu pekee ambaye hakumdanganya Orpah.

Kaunti ikachukua utafiti huo na kuandika kanuni: hakuna kuchoma zebaki ndani ya nyumba ya kulala, na lijengwe banda moja la wote, mbali na makazi. Tukaitwa barazani kutoa maoni. Monari, mnunuzi wa dhahabu, hakutaka. Dhahabu ikichomwa mahali pamoja kila mtu ataona mzigo wa mwenzake, na mnunuzi hawezi tena kumwambia kila mama bei yake kivyake. Lakini hilo hakulisema. Alisimama, akarekebisha kofia, akasema, "Hizi ni hesabu ya nywele. Mimi sijui nywele. Nionyesheni mtu mmoja hapa ameumizwa na huo moshi. Mmoja tu."

Okari alitazama viatu vyake, kwa sababu alituapia kwamba jina la mtu halitatoka kinywani mwake. Ofisa wa kaunti alianza kukunja karatasi, akisema pengine jambo hili linahitaji kuangaliwa tena, na sisi tunajua jambo la serikali likiangaliwa tena huwa halionekani tena.

Orpah alikuwa amekaa kando yangu, amempakata Terry. Nilihisi anajiandaa kuinuka, nikamshika leso. Simu zilikuwa juu kila upande, watu wakirekodi.

"Kaa chini," nikamnong'oneza. "Ukisema, Mfangano watasikia."

"Najua," akasema, akasimama na mtoto.

"Mimi ni Orpah, mama Terry. Nilikuwa nachoma ndani, mlango nimefunga, huyu akiwa kwa mgongo. Nikimaliza nampatia maziwa, nikidhani namsafisha. Mpaka leo hajawahi niita mama. Daktari anasema hawezi kujua kama ni moshi. Mimi pia sijui. Lakini kama ni moshi, sitaki mtu mwingine hapa akae akijiuliza vile mimi najiuliza. Bwana Monari, umeuliza mmoja. Ni huyu."

Monari alikaa. Ofisa akakunjua karatasi zake. Mikono ilipoitishwa ilipanda mingi, hata ya wenye mashimo, na kanuni ikapita. Watu walimpigia Orpah makofi. Mimi sikuweza, nilikuwa nalia.

Ile video ilifika Mfangano kabla sisi hatujafika nyumbani.

Dani alikuja bila wazee na bila maneno makali. Ingekuwa rahisi kama angekuja na matusi. Alikula alichopewa, akanawa, ndipo akasema, "Nyathina, mwanangu, sikuja kugombana. Nimekuja kwa yale ulisema na mdomo yako. Wewe ungekuwa mimi, ungemwacha mtoto kwa hii nyumba?"

Orpah aliinua macho akatazama ukuta juu ya jiko, mweusi mpaka kwenye mabati. Angeweza kusema kwamba sasa hachomi humo. Angeweza kusema daktari hakumtia hatiani. Nilikaa pale namsihi kwa macho apigane.

"Hapana, Dani," alisema. "Singemwacha."

Akamwogesha Terry, akamvika gauni la kanisani, akamweleza Dani jinsi ya kumtolea miiba ya samaki na upande anaopenda kulalia. Wakati wa kuondoka Dani ndiye aliyelia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kwa hiyo sitajifanya najua kilichokuwa ndani ya Orpah, ila nilimwona akisimama njiani muda mrefu baada ya pikipiki kupotea, mikono yake ikiwa bado mgongoni kama mtu aliyebeba mtoto.

Banda lilijengwa. Watoto wanacheza mbali nalo, na jikoni mwetu sasa mnanukia ugali tu. Orpah ndiye anayelisimamia, maana wanawake walimkataa mtu mwingine. Anafanya kazi yake vizuri. Wachimbaji wanapita na vumbi lao, naye anawaambia tu "habari ya mchana", basi.

Juzi simu yake ililia tukiwa tunaosha. Mikono yake ilikuwa na matope, nikapokea mimi na kuiweka kwa sauti ili naye asikie. Alikuwa Dani, anahema kwa furaha.

"Orpah, mtoto ameongea. Na mkono imetulia, anajilisha. Ngoja, sikia."

Tukasikia kuku, sufuria, kisha sauti ndogo, safi kabisa: "Mama."

Orpah aliinama juu ya simu. "Terry. Niko hapa, mtoto yangu. Niko hapa."

"Mama," ikasema tena ile sauti, ikisogea mbali na simu. Na Dani, kwa mazoea, akaitikia, "Ee, nakuja." Halafu akasema kwa aibu, "Ananiita hivyo. Namwambia mimi ni Dani, hasikii."

Orpah alikaa chini kwenye matope.

"Basi ni mimi," akaniambia. "Ametoka kwa moshi yangu, amepona."

Nikamkumbusha maneno ya Okari, kwamba mtoto mmoja hathibitishi kitu, kwamba pengine ni umri tu, pengine ni samaki na hewa ya ziwa.

"Hiyo hesabu ni ya kaunti, Liz," akasema. Kisha akaisogelea simu mkononi mwangu. "Dani, usimkataze. Mwache akuite hivyo, hilo neno lisije likampotea tena."