Nilibishania kipimo cha unga wa moringa kama nabishania bei ya nyanya

Wakuu, salamu kutoka Kisangani.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara mbili. Kwa hiyo mnaosoma sasa mnasoma wa tatu, na nimeuhakiki. Sitaongeza chumvi, maana hata chumvi siku hizi nimeambiwa nipunguze. Mhusika mkuu yuko hai, anaongea, na akiuona atauliza kwa nini nimemtia mtandaoni bila kumpa chochote.

Kwanza mnijue. Nauza vipuri vya pikipiki karibu na soko. Maisha yangu yote ni kupatana bei. Hata kwa kinyozi napatana. Siku moja aliniuliza kama nataka anyoe nusu ya kichwa kwa nusu ya bei, na kwa kweli nilifikiria.

Na huku kwetu kuna matabisi. Kwa mlio mbali, ni ile nyongeza muuzaji anayokuwekea juu baada ya kukubaliana. Umenunua nyanya, anakutupia nyingine ya bure. Mtu akirudi nyumbani bila matabisi anajiona ameibiwa. Tumekulia humo, na mnisamehe kuwaeleza mapema, maana bila hilo hamtaelewa ujinga wetu.

Bon, tuje kwenye afya.

Mji wetu umeingiwa na upepo wa afya. Zamani ukimheshimu mgeni unamnunulia sucré baridi. Leo anaitazama hiyo soda kama umemwekea sumu, anauliza kama huna kitu "naturel", cha asili. Kila kona kuna juisi nyekundu ya maua ya ngai-ngai (rozela) bila sukari, tangawisi kwenye chupa za maji zilizooshwa, yaourt ya soya (mtindi), chai ya détox ya kukausha tumbo. Status za WhatsApp zimejaa chupa za kijani. Kuna majirani zangu wanakimbia Jumapili asubuhi hadi upande wa Kapalata, kisha wanapanda toleka, baiskeli ya kukodi, kurudi, na mwenye toleka ndiye anatoka jasho.

Sibezi. Vingi kati ya hivyo ni chakula kizuri, na bibi zetu walikunywa bila kuambiwa ni mtindo. Ila kitu kikishabandikwa karatasi yenye picha ya moyo, watu tunaacha kuuliza maswali tuliyokuwa tunauliza kwenye samaki.

Sasa tonton.

Tonton Selemani ni kaka wa mama yangu. Ni seremala, baba yake alikuwa seremala, na babu yake pia, katika zile familia za Kiislamu za zamani hapa mjini. Kwao kuna desturi moja: binti akiolewa anatoka na kitanda ambacho baba yake amekitengeneza kwa mikono yake. Si kununua, si kuagiza kwa mwenzake. Kwa mikono yake. Mabinti zake wakubwa wote wamelalia vitanda hivyo hadi leo.

Alikuwa amebaki Mariamu, kitindamimba.

Mbao ya afromosia ilikuwa imeshakauka, ubao wa kichwani ameshauchonga maua, na harusi ilikuwa wiki chache mbele. Tatizo lilikuwa mwili wake. Tonton ana sukari. Anakunywa vidonge vya hospitali, lakini alikuwa anachoka. Anapiga rabot, yaani randa, kidogo, anakaa. Anapiga tena, anakaa.

Siku moja akaniambia, "Mutoto yangu, weye unajua soko. Nitafutie kitu ya nguvu. Nimalize tu kitanda ya Mariamu, kisha mwili ifanye yenye inapenda."

Nikaenda kwa Mama Kavira.

Mama Kavira ni mfanyabiashara wa Butembo, ana duka la jumla, na kwenye pembe moja siku hizi anauza vitu vya afya. Unga wa moringa anausaga mwenyewe, majani yanakuja kwa baleinière, boti kubwa ya mbao, kutoka upande wa Yangambi. Mama mkweli. Na ukweli wake ndio ulioniudhi siku ile.

"Kijiko moja kwa siku, ndani ya chakula," akaniambia. "Asiache kula. Na mbele ya kuanza, aulize munganga wake wa hospitali, juu iko anakunywa vidonge vya sukari."

"Kwa muda gani ataona nguvu?"

"Pole pole. Labda miezi tatu."

"Mama, harusi haingojei miezi tatu. Punguza."

Akacheka. "Nipunguze nini, papa? Bei nilisha kupunguza."

"Punguza muda. Tuseme vijiko tatu kwa siku, mwezi moja. Hesabu iko ile ile."

Akaacha kufunga sachet, akanitazama. "Weye unabishana na tumbo ya mutu? Hii haiko nyanya. Mwili haina dernier prix, haina bei ya mwisho."

Nikamwambia sawa, nimesikia. Nilikuwa nimesikia kama tunavyosikia muuzaji akiapa kwamba anauza kwa hasara. Nilidhani anakaza tu. Kisha nikamdai matabisi, akaniongezea sachet ndogo, nikaondoka nimeshinda.

(Nimerudi. Kulikuwa na mteja wa clutch, ametaka nimuuzie kwa bei ya kebo.)

Nikampelekea tonton.

"Alisema vijiko ngapi?"

"Moja, kwa miezi tatu. Lakini nimepatana. Tutatumia tatu, mwezi moja inatosha."

Tonton alicheka hadi akashika ukingo wa meza. "Umenipunguzia miezi mbili. Basi weka na ya matabisi."

Tukaweka ya nne. Wakuu, sote wawili tulicheka. Mke wake, Tantine Amina, alikuwa anachambua mchele pale pale. Yeye hakucheka. Akauliza, "Docta anajua?"

"Docta atasema tungojee," tonton akajibu. "Na mimi siko na siku za kungojea."

Mimi nikaendelea kukoroga. Hapo ndipo pananiuma kuliko mahali pengine popote. Mimi niliyebishania bei ya kila kitu maishani, siku ya kumbishia tonton kitu cha maana nilikuwa upande wake.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri, na hilo ndilo baya. Alipima sukari kwa kile kimashine chake, imeshuka. Akapita nacho kwa majirani kama cheti cha shule. Akawa anaamka mapema, anapiga rabot bila kukaa. Miguu miwili ya kitanda ikatoka. Akaniambia mchanganyiko ule, uliokorogwa na juisi ya ngai-ngai, unamshibisha, hivyo mchana hana haja ya kula. Tena anaokoa muda. Nikamwambia formidable, safi sana.

Nilijumlisha faida zote. Sikujumlisha kwamba vidonge vinashusha sukari, na unga unaweza kushusha, na kutokula kunashusha. Vitu vitatu vyote vinavuta upande mmoja. Mimi mtu wa hesabu.

Ilikuwa mchana. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, na uliporudi kila mwenye mashine mtaani alikimbilia kuiwasha, maana haujulikani utakaa kwa muda gani. Tonton naye akawasha msumeno wa umeme apasue mbao za pembeni. Alikuwa hajala. Tantine anasema alimwona tangu asubuhi anatoka jasho na mikono inatetemeka, akamwambia akae, yeye akajibu ni joto.

Kisha Tantine akasikia mlio wa msumeno umebadilika.

Niliwakuta hospitali. Mkono wa kulia umefungwa, tonton hajui yuko wapi, wanamwekea maji ya sukari kwenye mshipa. Docta, dada mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akatuuliza, "Papa alikula nini leo?"

"Ile unga," Tantine akasema.

"Na chakula?"

"Alisema anashiba."

"Na vidonge?"

"Vyote. Hakuacha hata moja. Kwa vidonge iko mwaminifu."

Docta akaomba nilete ule unga. Nikauleta, akaunusa, akasoma karatasi yote, hata maandishi madogo. Akasema, "Hii iko chakula muzuri. Mimi mwenyewe natiaka ndani ya mboga ya pondu. Lakini sukari yake ilikuwa chini sana. Nani alimupatia kipimo hii?"

Tantine alinitazama, kisha akatazama pembeni, na nafuu angenitukana.

Vidole viwili havikuweza kuokolewa, na kidole gumba kimekaza, hakikunji. Kwa mtu wa ofisi ni msiba. Kwa mtu wa patasi, ndio mkono wenyewe umekwenda.

Harusi haikuahirishwa, tonton alikataa. Mariamu aliondoka na kitanda cha dukani, kile cha mbao za kusaga zenye karatasi ya rangi juu. Fundi rafiki yake alijitolea kumalizia kile cha afromosia, tonton akamshukuru vizuri sana na kumwambia hapana. Siku ya sherehe alikaa ameficha mkono ndani ya kanzu, akisalimia wageni kwa kichwa. Watu walidhani ana maringo. Mariamu alipokuja kumuaga, tonton alimwambia, "Utanisamehe, mama. Nilikuwa nafanya mbio." Mariamu akalia, mimi nikaenda kuhesabu viti vya kukodi.

Nilirudi kwa Mama Kavira pia. Si kugombana. Nilitaka anitukane mtu mmoja angalau. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuambia, papa," akaniuliza tonton anapenda kula nini, akafunga soya na karanga, akakataa nipatane. Nikalipa aliyotaja. Siku hizi kila mteja anayemwambia ana sukari au tension, yaani presha, kwanza anamuuliza jina la munganga wake. Wengine wanakasirika wanakwenda kwingine, na huko kwingine hawaulizwi kitu.

Somo langu si kwamba moringa ni mbaya. Msinisome vibaya. Mimi mwenyewe nakula, kijiko kimoja, na chakula. Somo ni kwamba "naturel" haina maana ya kwamba unaweza kuongeza upendavyo. Kama kitu kina nguvu ya kusaidia, basi kina nguvu. Mwenye vidonge vya kila siku amuulize daktari kabla hajaanza juisi yoyote, chai yoyote, unga wowote, hata kama ameletewa na mtu anayempenda. Hasa kama ameletewa na mtu anayempenda.

Lililonileta hapa leo ni jingine.

Mwezi uliopita tonton aliniita, akanionyesha rabot, patasi, misumeno, na ule wa umeme, vyote vimepakwa mafuta na kupangwa. "Niuzie. Weye ndiye unajua kupatana."

Mnunuzi wa kwanza alitaja bei nzuri. Nzuri kweli, niliihesabu mara mbili. Nikamwambia ni ndogo. Wa pili akapanda juu zaidi, nikamwambia patasi hizi ni za zamani, haziuzwi hivyo. Wa tatu aliniuliza nataka ngapi basi, nikashindwa kutaja.

Kila Ijumaa tonton ananiuliza, "Walifikisha?"

"Bado, tonton. Wanavuta chini sana."

"Usiachie. Kaza."

Nami nakaza.

Kwa hiyo wakuu, ushauri wenu. Je, kuna aliyewahi kumwona seremala aliyeumia mkono wa kazi akarudi kwenye meza yake, hata kwa mkono wa kushoto, hata kwa kusimamia wengine? Aliwezaje, na ilichukua muda gani? Msinipunguzie muda, semeni ule wa kweli. Kuna mnunuzi mwingine anakuja Jumamosi, ana hela mkononi, na uongo umeniishia.