Baba Alihama Ili Mama Ashiriki Meza

Karibu maisha yangu yote nilimwona mama akitoka nje ya kanisa kila Jumapili ya Meza ya Bwana. Mahubiri yakiisha na wazee wa kanisa wakianza kufunua mkate, yeye alijifunga leso vizuri mabegani, akapita katikati ya viti kwa adabu, akaenda kusimama karibu na tangi la maji mpaka watu waimbe wimbo wa mwisho. Kitambaa cheupe kilichofunika ule mkate alikuwa amekishona yeye. Alikifua yeye na kukipiga pasi yeye, Jumamosi, juu ya meza yetu ya kulia. Kitambaa chake kilifaa. Mdomo wake ndio haukufaa.

Sababu ilijulikana na kila mtu, kwa kuwa aliisema mwenyewe. Kabla sijazaliwa alikuwa ameolewa kanisani huko kwao Murang'a, na mwanamume aliyempiga mpaka akamvunja taya. Akatoroka, akafika Eldoret na nguo alizovaa tu, akapata kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo. Hapo akakutana na baba, fundi wa mashine kutoka upande wa ziwa, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Wakapanga nyumba ndogo katika mtaa wa Huruma, nikazaliwa mimi peke yangu. Alipokwenda kujiunga na kanisa la mtaani, pasta wa wakati huo alimwuliza kuhusu ndoa. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu Eldoret aliyemjua. Lakini mama alikuwa mtu wa kusema kweli, akasema yote.

Pasta akamweleza kwamba mbele za Mungu yeye bado ni mke wa yule wa kwanza, na atabaki hivyo mpaka mmoja wao afe. Kwa hiyo huyu wa Huruma si mume. Ni dhambi anayoishi nayo. Akimwacha, atarudishiwa Meza. Asipomwacha, karibu sana, aimbe, atoe sadaka, apikie wageni, lakini asiguse mkate.

Mama hakumwacha baba, na hakuliacha kanisa. Baba naye hakukanyaga kanisa. Alisema hawezi kuketi mahali ambapo mke wake anatolewa nje kama mbwa aliyeingia jikoni. Mama alimkemea kwa kusema hivyo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi nilipokua, kwamba mama aliwaamini. Aliamini kabisa kwamba kila siku aliyoishi na mtu mwema ilikuwa siku ya kosa. Siku moja, nikiwa darasa la saba, nilimwuliza, "Kama wewe na baba ni dhambi, mimi ni nini?" Alikuwa akipika mboga. Akakoroga sufuria kwa muda mrefu, kisha akaniambia nimletee chumvi.

Wakati wa zile vurugu za baada ya uchaguzi, vijana wenye mapanga walikuja kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga wakitafuta watu wa kabila la mama. Baba alisimama mlangoni, mikono kwenye fremu. Nilikuwa chini ya kitanda pamoja na mama, nikasikia kila neno. Walimwuliza, "Mzee, ndani kuna nani?" Akajibu, "Bibi yangu." Wakamwuliza bibi yake ni wa wapi. Akasema, "Ni wa hapa. Ni wangu. Mkimtaka mnianze mimi." Mmoja wao alimfahamu kutoka kiwandani, wakaondoka. Vurugu zilipotulia na kanisa likafunguliwa tena, mama alitoa ushuhuda kwamba Mungu alimwokoa. Watu wakapiga makofi. Kisha wakafunua mkate, naye akatoka nje.

Miaka mingi baadaye alianza kushindwa kumeza ugali, halafu wali, halafu hata uji mzito. Kansa ya koo. Hospitalini wakatuambia tumpeleke nyumbani tumtunze vizuri. Nilirudi kwetu kumwuguza. Baba, ambaye kiwanda kilikuwa kimeshamwachisha kazi zamani, alikuwa akichuja supu kwa kitambaa na kumnywesha kwa kijiko, taratibu, bila haraka yoyote. Siku moja mama alimshika mkono akamwambia anaomba jambo moja tu. Anaomba kushiriki Meza kabla ya kufa.

Baba akavaa koti lake, tukaenda wote wawili kwa pasta. Huyu alikuwa pasta mwingine, kijana msomi, mpole, anayetabasamu. Alitupa chai.

"Pasta," baba alisema, "mama anaenda. Anataka ile kitu yenu."

"Mzee, si yetu. Ni ya Bwana."

"Sawa. Bwana anataka nini?"

Pasta aliweka kikombe chini. "Anataka toba. Mkiachana, hata kesho nakuja."

"Kuachana namna gani? Hawezi kukaa bila kushikwa."

"Sisemi umtupe, Mzee. Mchana unaweza kuja kumsaidia, kama jirani mwema. Lakini msiishi nyumba moja. Giza likiingia, uwe kwako."

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwuliza, "Pasta, mama yangu hawezi hata kujigeuza kitandani. Mnaogopa watafanya nini?"

Aliniangalia kwa huruma, na huruma hiyo sijaisahau. "Dada, sheria si mimi niliyeiandika. Neema ipo, lakini haiji juu ya dhambi ambayo mtu bado ameikumbatia."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Baba akanigusa mkono, akasimama, akamshukuru pasta kwa chai. Tukatembea naye mpaka karibu na nyumbani. Akasema, "Kuna chumba wazi kwa ile ploti ya nyuma ya posho mill, pale wanaposaga unga. Nitachukua hicho."

Alihama siku iliyofuata na mkokoteni wa kukodi. Godoro, jiko, redio, viatu vya mvua. Majirani walisimama kwenye milango yao wakidhani wazee wamegombana. Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito, akitazama mume wake akifunga vitu vyake kwa kamba. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Huko kuna baridi," alisema. "Chukua blanketi ya pili."

"Hiyo ni yako."

"Chukua, nimesema."

Akaichukua. Wazee wawili wa kanisa walikuja kuhakikisha. Mmoja alifungua kabati, akaangalia upande uliokuwa wa baba, akaona hauna kitu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimtazama mgongo wake na nilitamani kitu kibaya kimpate. Hilo sikulitubia.

Jumapili alasiri pasta alileta mkate na divai. Baba hakuruhusiwa kuwepo wakati wa ibada, kwa hiyo alisimama nje kwenye kona ya ploti, kofia mkononi. Mama alikuwa ameniomba nimvalishe gauni lake jeupe la akina mama wa kanisa. Alilia kabla pasta hajafungua kinywa. Alipopewa mkate, hakuweza kuumeza. Alikuwa ameungoja tangu ujana wake, ukaja wakati koo limefungwa. Pasta akauchovya kwenye divai, mama akaukalisha kwenye ulimi, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka ukalainika na kuyeyuka. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Nasema kweli kama ilivyokuwa. Furaha ilikuwepo. Ningependa kuwachukia bila kulazimika kukumbuka hilo.

Alifariki siku chache baadaye, jioni. Baba alikuwa amemnywesha maji, akamfunika, akaangalia nje akaona jua linazama. Alikuwa mtu wa kutimiza neno lake. Alisema, "Kesho, Mama," akaondoka. Hakuwa amefika hata kwa posho mill nilipompigia simu. Alirudi akikimbia, mzee wa umri ule, na alipoingia ilikuwa imekwisha. Alisimama kizingitini akaniuliza kama anaweza kuingia. Aliniuliza mimi, nyumbani kwake.

Ndugu za baba wa ziwani walikuwa tayari kumzika mama nyumbani kwao, kama mke wa ndugu yao. Pasta akasema kanisa haliwezi kwenda huko, kwa kuwa kumzika katika boma la baba ni kutangaza kwamba alikuwa mke wake. Mama alikuwa ameniomba azikwe na kanisa. Baba akasema basi, azikwe na kanisa. Tukamzika kwenye makaburi ya mji. Pasta alihubiri juu ya dada yetu aliyeshinda dhambi katika saa ya mwisho. Programu ilimtaja baba kama rafiki wa familia. Aliketi safu ya nne, nyuma ya akina mama wa kanisa, na mvua ya Eldoret ikaanza kabla udongo haujasawazishwa.

Ndipo nilipomwona mjomba, ndugu ya mama, ambaye nilimjua kwa picha tu. Kwao walikuwa wamekata undugu na mama siku waliposikia anaishi na mtu wa ziwa. Mtu fulani alikuwa ameona jina la mama kwenye tangazo la mazishi, akamwambia mjomba. Tulisimama chini ya hema, mimi, baba, pasta na yeye. Kwa kutafuta tu la kusema, pasta akamwuliza kama yule mume wa Murang'a amepata habari.

Mjomba alishangaa. "Yule? Yule alikufa zamani. Alikunywa pombe mbaya. Ni kabla ya zile vurugu."

Mvua ilipiga hema.

"Mama alijua?" nikauliza.

"Tulidhani anajua," alisema mjomba, akaangalia viatu vyake.

Mama aliogopa kuuliza, maana kuuliza kungemjulisha yule mume mahali yeye alipo. Hilo naelewa. Ndugu zake walinyamaza kwa kiburi. Hilo pia naelewa. Lakini kanisa lilikuwa na matawi mpaka kijiji alichotoka, na lilikuwa na simu. Kwa sheria yao wenyewe alikuwa mjane huru siku ile baba aliposimama mlangoni mbele ya mapanga akasema bibi yangu. Wangeweza kuwafungisha ndoa mchana mmoja. Wangeweza kumpa mkate akiwa bado anaweza kuutafuna.

"Hatukujua," pasta alisema.

"Hamkuuliza," nikamwambia.

Alimgeukia baba. "Mzee, Mungu anajua mioyo."

"Alikuwa anaijua hata siku ile ya chai," baba akasema. Kisha akaweka kofia yake kichwani, akaenda kuwasaidia vijana waliokuwa wakifunga viti.

Pasta alikuja nyumbani mara mbili baada ya hapo. Mara ya pili aliomba msamaha, na aliuomba vizuri, kwa machozi, bila kujitetea. Baba alimsamehe palepale. Mimi bado. Ananitumia ujumbe wakati wa Pasaka akisema neema inatosha. Simjibu. Sijui inamtosha nani.

Baba anaishi Huruma, kwenye nyumba yetu. Ameanza kudhoofika. Ameniambia akifa nisikubali apelekwe ziwani, azikwe mjini alipo mama. Kaka zake wamesikia, na wamekasirika. Wanasema mwanamume hazikwi makaburi ya mji kama mtu asiye na kwao, na kwamba kwa desturi uamuzi si wa binti. Kwa hiyo kuna sheria nyingine inanisubiri, na wazee wengine wa kuisoma. Nimemwahidi baba. Namna nitakavyoitimiza ahadi hiyo, sijui.