Kuku Wamesamehewa

Hata leo nikisikia harufu ya ubani kanisani, masikio yangu humsikia Bibi akisonya. Bibi aliyenilea pale kijijini Pito alikuwa mwanamke wa jembe na rozari, na sijapata kumwona mtu mwingine aliyeweza kusonya katikati ya Salamu Maria bila kupoteza hesabu.

Mwaka ule alisonya kuliko miaka yote, na sababu ilikuwa Mjomba Kalisto, kitindamimba wake. Mjomba alikwenda vita vya Kagera. Kigango kizima, kanisa letu dogo la kijijini, kilimwombea. Magoti ya Bibi yaliota sugu. Naye akarudi mzima. Tukachinja mbuzi, pombe ya ulezi ikanywewa, na Jumapili akakalishwa benchi la mbele kama bwana arusi. Ulipofika wakati wa komunyo watu wakainuka. Mjomba hakuinuka.

Jumapili iliyofuata, vilevile. Na nyingine. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ana dhambi anayoificha, kwamba ameacha mke wa siri huko Uganda.

"Unanitia aibu," Bibi alimwambia jikoni, akikoroga maharage kana kwamba nayo yamemkosea. "Nimemsumbua Mungu akurudishe, sasa unamnunia?"

"Simnunii, mama. Niliua mtu."

"Si ulitumwa? Kwani ulikwenda kutembea?"

Katekista naye akaja, akaeleza kwamba vita vile vilikuwa vya haki, maana aliyevamiwa hana budi kujilinda. Jirani akasema askari ni mkono wa serikali, na mkono hauendi kuungama. Mjomba aliwaitikia wote kwa heshima, na Jumapili akabaki amekaa.

Mimi nilikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, tumekaririshwa amri ya tano: Usiue. Nikanyoosha kidole. "Na Mjomba je?" Katekista akafunga kitabu, akanituma maji ya maua ya altareni. Mkinicheka nitawaelewa, lakini kila nilipouliza swali lile mwaka ule nilipewa kazi. Nilichota maji mengi.

Nilichoka na wakubwa hao. Jioni moja nikamkuta Mjomba uani akipukuchua mahindi, nikamwuliza kwa hasira, "Kwa nini usiungame tu, yaishe?"

Akacheka, cheko kavu. "Niliungama. Padri akasema ile si dhambi, nilitimiza wajibu, nitaje nyingine. Nikataja kuku tuliowaiba kijiji fulani. Akanipa Baba Yetu na Salamu Maria. Basi kuku wamesamehewa." Akatupa gunzi. "Yule kijana aliniangalia, mwanangu. Na kila mtu ananiambia sina kosa. Sasa nani atanisamehe kosa ambalo wanasema sina?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Nilingoja asonye. Hakusonya.

Asubuhi alijifunga kanga, akamshika Mjomba mkono kama mtoto wa kupelekwa kliniki, wakashika njia ya parokiani mjini, mimi nyuma yao na upepo wa baridi ukitukata masikio. Padri alikuwa anakunywa chai. Bibi akapiga goti.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Mwanangu ameua mtu. Usimtetee. Msikilize."

Padri akaiacha chai. Wakaingia kanisani wawili. Tulikaa ngazini hadi jua likapanda. Mjomba alipotoka macho yalikuwa mekundu, kamasi zinamtoka, na Bibi akampangusa kwa pembe ya kanga. Jumapili akainuka na wenzake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Padri alibadili jibu kuhusu vita. Nilikuja kuelewa ukubwani, baada ya kusikia vita vingine redioni na mahubiri mengine juu yavyo, kwamba jibu halikubadilika. Vita vile vilikuwa vya haki. Mjomba mwenyewe alisema hivyo hadi alipozikwa. Ila haki ile haikumfanya yule kijana asife. Mjomba alitaka mtu mmoja tu akubali kulitazama hilo pamoja naye, nasi tulikuwa na haraka ya kumtakasa. Tungekosaje kuwa na haraka? Sisi ndio tuliomsindikiza stendi siku anakwenda vitani, kwa nyimbo za kanisani, tukipunga matawi. Kama yeye alikuwa na la kuungama, basi kigango kizima kilipaswa kupanga foleni nyuma yake.