Jicho Moja la Mwali

Nilipovunja ungo waliniweka ndani, kama walivyowekwa mama na bibi yangu, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu mlimani, juu ya Mkuyuni. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mwali haonwi na mwanamume. Anakula, analala, anafundwa, na siku ya kutolewa nje watu wote wanamkagua kama amenenepa. Aliyenilisha ni shangazi, dada wa baba. Nikikataa ndizi za nazi alinikodolea macho mpaka sahani ikaisha.

Tumbo likaanza kutoka. Shangazi akajigamba kwa majirani kwamba chakula chake kimeshika. Lakini mikono yangu ilibaki vijiti, damu ikawa inanitoka puani, na tumbo halikukoma kukua. Siku moja alinitazama ubavuni, akaenda kumwambia mama kwamba nina mimba.

Mama alilia. Mimi nilikasirika, na hasira zangu hazijawahi kuwa ndogo. Mimba ningeipata wapi, na shangazi mwenyewe alilala mlangoni? Lakini mwali mwenye mimba hatolewi kwa ngoma. Anatolewa kimya kimya, na mama yake anachekwa kila aendako. Kwetu neno la mwisho ni la mjomba, na mjomba akasema, "Twende hospitali, Morogoro. Sivunji ngoma kwa maneno ya kusikia."

Tukapanda basi, mimi nimefunikwa khanga mbili toka utosini, nashikwa mkono kama kipofu. Daktari aliposema nifunuliwe, mama alikataa katakata. Mjomba akawaza, kisha akaamua: tumbo litazamwe, uso ubaki. Nikapimwa hivyo hivyo. Daktari alibonyeza upande wa kushoto, akasema hii si mimba, ni wengu umevimba.

Shangazi akaguna. "Mikono inaweza kukosea, daktari. Mimi nataka kuona."

Daktari naye alitaka kujua wengu umevimbishwa na nini, kwa hiyo wakanichoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, wakavuta uboho. Niliing'ata khanga mpaka ikatoboka. Kesho yake tukaitwa kwenye chumba cha hadubini. Daktari akaeleza kwamba ndani ya mifupa yangu mna chembe kubwa zisizo za kawaida. Zinaweka mafuta zisiyoweza kuyatumia, zinavimba, na damu inakosa nafasi ya kutengenezwa. Hizo hizo ndizo zilizojaa kwenye wengu. Dawa yake, alisema kwa huzuni, haijapatikana.

Shangazi akainamia hadubini, akakaa hapo muda mrefu.

"Hamna kichwa," alisema. "Hamna miguu. Hamna mtoto humu!"

Mama akapiga vigelegele. Shangazi akadakia, wauguzi wakaja mbio, na yule daktari maskini akabaki ameduwaa. Amewaambia watu ugonjwa usio na dawa, nao wanashangilia! Nilicheka ndani ya khanga mpaka nikashika ubavu.

"Na mimi nataka kuona," nikasema.

Mjomba akageukia ukutani, akamgeuza na daktari.

"Jicho moja," alisema.

Mama akanifunulia jicho la kulia. Miezi mitano sikuwa nimeona kitu cha nje ya chumba changu, na cha kwanza kukiona kilikuwa hizo chembe zangu: kubwa, za rangi ya samawati, zimekunjamana kama khanga iliyotoka kukamuliwa. Nilizipenda. Zilikuwa zimenisafishia jina.

Kabla hatujaondoka daktari alionya kwamba wengu ukigongwa unaweza kupasuka, na nikafa. Kwetu mwali hubebwa begani siku ya kutolewa, watu wakisukumana kumgusa. Mjomba akaamua nitembee kwa miguu.

Siku hiyo ngoma zililia tangu asubuhi. Nilitoka nimepakwa mafuta, nimevikwa shanga, na tumbo langu mbele. Nikaona watu wananong'onezana. Shangazi, yule yule aliyenisingizia, akanitangulia kinyumenyume, mikono ameitandaza pande zote mbili, jasho linamtiririka.

"Pisheni!" alikuwa akipiga kelele. "Nimeona ndani kwa macho yangu! Asilisogelee mtu tumbo la mwanangu!"

Alitembea hivyo, kinyumenyume, mpaka uwanjani, na hakuna aliyenigusa.