Gari Lililokufa Kila Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi gari langu lilikufa. Siku nyingine zote liliwaka mara moja, lakini Jumatatu nikigeuza ufunguo lilitoa tk, tk, kisha kimya. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Bunia, mwanamke, na mtaa mzima ulikuwa ukiisubiri kwa hamu siku nitakayoaibika. Vijana wa pikipiki walinisukumia gari huku wakicheka.

“Mama fundi, gari za batu unatengenezaka, ya kwako ndo siye tunasukuma!”

Mganga hajigangi, najua, msinikumbushe. Kibaya zaidi, tajiri mmoja mwenye malori ya samaki wa ziwani Tchomia, aliyekuwa ameniahidi kazi ya umeme wa malori yake yote, alipita akanikuta nyuma ya gari langu mwenyewe, natokwa jasho.

“Nitawaza kwanza,” alisema. Nilimchukia, maana ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo.

Basi nikalipima gari kama la mteja. Injini ikinguruma na taa zote zimewashwa, mita ilionyesha volti kumi na nne: alteneta inachaji vizuri. Mkanda wake umekaza. Nikazima, nikachomoa waya wa hasi wa betri, nikaweka balbu ndogo kati ya waya huo na betri, kwa sababu umeme ukivuja mahali balbu huwaka. Haikuwaka. Betri nikailaza karakanani, chaji yake haikushuka. Mume wangu akaleta padri. Gari likabarikiwa, na Jumatatu likafa tena, safari hii likiwa na baraka zake.

Mashine ikiwa nzima, mbaya ni mtu. Niliihoji nyumba nzima: mume, watoto, hata jirani anayechajia simu kwetu. Baba mkwe tu sikumgusa. Mkamwana hamhoji baba mkwe. Afadhali amhoji askofu. Mzee huyo alikimbia vita huko Djugu, akafika kwetu na koti alilovaa tu. Jumapili, sisi tukienda misa kwa miguu, yeye alibaki nyumbani kwa sababu ya mguu, mguu ambao ulipona ghafla kila chakula kilipopakuliwa.

Jumapili moja nilitoroka mahubiri, Mungu anisamehe, nikarudi nyumbani. Gari lilikuwa uani, redio inapiga rumba, taa kubwa zinawaka kwenye jua kali. Baba mkwe amekaa kwenye usukani na koti lake, ameushika kwa mikono miwili. Injini imezimwa. Maneno yangu yalikuwa tayari, ya moto, nikayameza nusu.

“Papa, hizi taa ni za nini? Muchana yote hii?”

Hakushtuka. Alikuwa akitazama mbele, ambako kulikuwa na ukuta wa choo chetu tu.

“Huku ku milima iko ukungu, mama. Bila taa utaua mbuzi ya batu.”

“Papa iko naenda wapi?”

“Ku nyumba.”

Nyumba yenyewe, ya kule Djugu, ilichomwa vitani. Sisi tunajua, na yeye anajua kutuzidi, maana aliiona ikiwaka. Hasira iliniishia palepale, nikaona haya, nikataka kulia. Ningeweza kuchomoa ule waya wa betri kila Jumamosi jioni, taa zisimwakie, tajiri angeliona gari langu likiwaka Jumatatu, na hakuna ambaye angeambiwa neno. Nikasimama kwenye mlango wa gari ulio wazi, nikiwaza hivyo, na yeye akazungusha usukani, akakata kona moja ndefu ya mlimani.

“Papa,” nikasema, “bila moteri kuzunguka, bateri itakufa mu njia. Hautafika.”

Akafikiri. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza, kama dereva anayemtazama abiria msumbufu.

“Basi panda. Na ufunge mulango, vumbi inaingia.”

Nilipanda. Yeye akawasha injini, mimi nikafunga mlango.